Wiki nane za utengamao wa moyo: darasa zuri linalokatika mapema

Tathmini hii inahusu darasa la utengamao wa moyo, yaani la mazoezi na elimu, wanalopewa watu waliopata mshtuko wa moyo, ambalo nililihudhuria mara mbili kwa wiki, kwa wiki nane, katika ukumbi wa michezo wa mji mmoja wa katikati ya Uingereza, ninakoishi na kufanya kazi ya kutunza wazee. Darasa linaendeshwa na hospitali ya umma, wala halilipiwi. Mtu aliyewekewa stenti (kijibomba cha wavu kinachoushikilia mshipa wa moyo usizibe) au aliyepasuliwa moyo hupewa rufaa akiwa bado wodini. Ninaandika kwa Kiswahili kwa sababu kati ya wagonjwa kumi na wanne tulioanza pamoja ni mimi peke yangu niliyetoka Afrika Mashariki, na kwa sababu watu watatu, mmoja wa Leicester na wawili wa Tanga, wamekwisha kuniuliza kama ni halali mtu ambaye moyo wake umepata hitilafu kuutoa jasho. Jibu langu ni kwamba ni halali, tena ni lazima, na kwamba darasa hili ni miongoni mwa huduma bora nilizowahi kupewa katika nchi hii. Kasoro yake kubwa ni moja, nayo inahusiana na namna misuli yenyewe inavyofanya kazi, kwa hiyo itanibidi nieleze habari za misuli kabla ya kulalamika.

Mshtuko wenyewe sitausimulia kirefu. Ulinijia alfajiri nikijiandaa kwenda zamu, kwa uzito wa taya, kichefuchefu na jasho jingi, bila yale maumivu makali ya kifua ambayo watu wengi huyangoja ndipo waite gari la wagonjwa. Mshipa ulioziba ulizibuliwa kwa puto lililopitishwa kwenye kifundo cha mkono, ukawekewa stenti, na siku ya tatu nikarudi nyumbani na mfuko wa dawa: aspirini, dawa ya pili ya kuzuia damu isigande, statini ya kushusha lehemu, dawa ya presha, na bisoprololi ya kutuliza mapigo. Jioni ile ile wifi yangu alinipigia simu kutoka Tanga. "Wifi, usiguse hata ndoo," aliniambia. "Lala, watoto wakuhudumie. Moyo uliochoka haukimbizwi." Nilimtii kwa wiki tatu, na katika wiki hizo tatu nilipoteza nguvu za miguu kiasi kwamba ngazi za nyumbani kwangu, ambazo ni kumi na tatu tu, nilizipanda kwa mapumziko mawili.

Wifi hakusema upuuzi. Alisema waliyoyasema madaktari wenyewe kwa miongo mingi, kwani hadi katikati ya karne iliyopita mtu aliyepata mshtuko wa moyo aliamriwa kulala kitandani kwa wiki kadhaa, mara nyingi hadi sita, na Samuel Levine na Bernard Lown wa Boston walipoandika mwaka 1952 kwamba mgonjwa aketishwe kwenye kiti mapema, walikuwa wakienda kinyume na mazoea ya enzi yao. Mwaka uliofuata Jerry Morris na wenzake walichapisha uchunguzi wao kuhusu wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa ya London, wakaonyesha kwamba makondakta, waliopanda na kushuka ngazi kutwa nzima, walipatwa na ugonjwa wa moyo kwa uchache kuliko madereva waliokaa kitako. Makondakta wa daladala zetu sijui tungewaweka upande gani, maana ngazi hawana, lakini kukaa nako hawakai.

Kabla ya darasa la kwanza kila mmoja hupimwa. Nilitembezwa kwenda na kurudi kati ya koni mbili, katika njia ya mita 10, nikifuata mlio wa kifaa ambacho kila dakika kinazidi kuharakisha, hadi pumzi ikanikatalia. Nilipimwa presha na mapigo, kisha nikapewa fomu ya maswali kuhusu huzuni na wasiwasi, ambayo niliona haihusiani na moyo mpaka mwuguzi aliponieleza kwamba wagonjwa wengi hawazuiwi na moyo kuinuka kwenye kochi, wanazuiwa na hofu ya kwamba wakiinuka watakufa. Alikuwa amenisoma vizuri. Kipimo cha kutembea hurudiwa wiki ya nane. Mara ya kwanza nilifika mita 240, mara ya mwisho 390, na hiyo ndiyo namba ninayowapa wanaotaka ushahidi mfupi.

Kikao kimoja huchukua muda wa saa nzima. Robo saa ya mwanzo ni ya kupasha mwili joto taratibu. Kisha huja vituo vya mazoezi ambavyo kila mtu huvizunguka kwa zamu, yaani baiskeli, kupanda na kushuka kibao, kusukuma ukuta, kuvuta mpira, kunyanyua vyuma vyepesi, kuinuka kitini na kuketi tena. Na dakika 10 za mwisho ni za kuupoza mwili. Zamani nilipokwenda jimu nilikuwa naruka sehemu ya mwanzo na ya mwisho nikiona ni kupoteza muda. Hapa nilifundishwa kwamba mishipa inayoulisha moyo huhitaji dakika kadhaa ili itanuke, na kwamba anayesimama ghafla baada ya kujitumikisha, damu yake husalia miguuni, presha ikaanguka, na moyo wenye kovu bichi ukaweza kupoteza mpangilio wa mapigo. Ndiyo sababu hatukuruhusiwa kusimama tuli hata tunapokunywa maji. Mwalimu alikuwa akipita akitukumbusha tuchezeshe miguu, nasi watu wazima tukawa tunanyata-nyata na vikombe mikononi kama watoto waliobanwa na haja.

Jambo lililonivutia zaidi katika mafunzo hayo ni namna wanavyopima kiasi cha juhudi. Mapigo peke yake hayaaminiki, kwa kuwa bisoprololi huyashikilia yasipande, na mgonjwa anayefuata chati iliyobandikwa ukutani mwa jimu anaweza kujichosha kupita kiasi akidhani bado hajaanza. Badala yake hutumiwa kipimo cha Gunnar Borg wa Sweden, kinachoanzia 6 hadi 20, ambapo mtu mwenyewe husema anavyojisikia. Sisi tulitakiwa tubaki kati ya 11 na 14, yaani mahali ambapo pumzi imeongezeka lakini bado unaweza kuzungumza sentensi nzima. Ukiweza kuimba, unategea. Ukishindwa kuzungumza, umevuka mpaka. Kipimo hiki hakihitaji saa ya bei ghali wala mashine, na ndicho nilichompelekea wifi kwa maelezo ya sauti kabla ya kitu kingine chochote.

Kikao cha elimu cha wiki ya nne ndicho kilichonifanya niandike haya yote. Mada ilikuwa misuli na moyo, na mwuguzi aliyekiendesha alianza kwa kutuambia kwamba misuli ni tezi. Nilidhani nimesikia vibaya. Nilikuwa nimezoea kuifikiria misuli kama kamba na kapi, vyombo vya kuvutia mifupa; tezi kwangu zilikuwa shingoni na kongoshoni. Lakini misuli inayovuta mifupa, ambayo ni karibu asilimia 40 ya uzito wa mtu mzima, inapojikunja hutoa protini ndogo zinazoingia katika damu na kupeleka habari kwenye ini, mafuta, mifupa, ubongo na moyo, na mwaka 2003 Bente Klarlund Pedersen na watafiti wenzake wa Copenhagen, Denmark, walizipa jina la miokini, kutokana na maneno ya Kigiriki ya misuli na mwendo. Homoni hizi hazitoki kwa mtu aliyelala kama zinavyotoka kwa mtu anayetembea. Wiki zangu tatu za kitandani, nilizodhani nazitumia kuupumzisha moyo, zilikuwa pia wiki tatu za kuunyima moyo barua kutoka miguuni.

Iliyochunguzwa kwa muda mrefu zaidi kati ya hizo ni interilukini-6. Kwa mgonjwa mwenye maambukizi protini hii ni dalili ya mwili kuwaka moto, na ndiyo maana mara ya kwanza ilipoonekana ikipanda katika damu ya wanamichezo ilidhaniwa ni ishara ya misuli kuumia. Baadaye ikaeleweka kwamba misuli yenye afya huitoa inapofanya kazi tu, kwamba kadiri zoezi linavyokuwa refu na misuli inayotumika kuwa mingi ndivyo inavyopanda, na kwamba kupanda huko kwa muda mfupi huamsha kemikali nyingine zinazotuliza uvimbe wa ndani badala ya kuuchochea. Mwaka 2019 Wadenmark hao walichapisha jaribio ambalo kwangu mimi linaeleza zaidi kuliko mihadhara kumi: watu wenye vitambi waliendesha baiskeli kwa wiki 12, na wale waliopewa dawa bandia, yaani ya kulinganishia tu isiyo na tiba ndani yake, walipungua mafuta ya ndani ya tumbo, lakini wale waliopewa dawa inayoziba njia ya interilukini-6 hawakupungua mafuta hayo, ingawa nao waliendesha baiskeli. Jasho lilitoka, ujumbe haukufika.

Hadi hapo mwuguzi alikuwa sawa kabisa. Tatizo langu ni kijikaratasi tulichogawiwa mwishoni, kilichokuwa na kichwa kinachoitaja irisini, nyingine kati ya protini hizo za misuli, kuwa homoni inayoponya moyo. Irisini ilitangazwa mwaka 2012 na maabara ya Bruce Spiegelman ya Boston, ikapewa jina la Iris, mjumbe wa miungu wa Wagiriki wa kale, na mara ikawa gumzo la dunia nzima. Miaka iliyofuata watafiti wengine walionyesha kwamba vipimo vingi vilivyouzwa vya kuipima vilikuwa vikidaka protini nyingine, hata wapo waliodai kwamba ni hadithi ya kubuni tu. Mwaka 2015 wagunduzi wake walijibu kwa kipimo makini zaidi kwamba imo katika damu ya binadamu, ila kwa nanogramu chache tu katika kila mililita. Kuhusu moyo uliopata mshtuko, yaliyopo kwa sehemu kubwa ni ya wanyama wa maabara. Irisini imewasaidia panya. Watafiti wa China wameonyesha kwamba panya waliofanyishwa mazoezi ya nguvu baada ya mshtuko wa moyo walitoa misulini protini nyingine, iitwayo FSTL1, iliyohusishwa na kuota kwa mishipa mipya ya damu moyoni, na mwaka 2018 Wajapani walichapisha kazi kuhusu mionektini, nayo ni protini ya misuli, ambayo iliukinga moyo wa panya dhidi ya madhara ya kukatiwa damu na kurudishiwa. Haya ni mambo ya kutia moyo, lakini mgonjwa mwenye hofu akipewa karatasi inayosema "inaponya" hatauliza kama aliyepona alikuwa na mkia.

Kilichonisikitisha ni kwamba hawakuhitaji kutia chumvi. Uchambuzi wa mwaka 2021 wa Cochrane, mtandao wa watafiti wanaokusanya na kupima majaribio ya tiba, uliokusanya majaribio 85 yenye wagonjwa zaidi ya 23,000, ulionyesha kwamba utengamao wa moyo wenye mazoezi ndani yake hupunguza vifo vitokanavyo na moyo, hupunguza kupata mshtuko wa pili, na hupunguza kurudi hospitalini. Wale ni watu, si panya. Ni sehemu gani ya manufaa hayo inayoletwa na miokini, na ni ipi inayoletwa na presha kushuka, mishipa kulainika, sukari kutulia na mgonjwa kumeza dawa zake kwa sababu kuna mtu anamuuliza kila Jumanne, hilo bado linachambuliwa. Anayefanya mazoezi huvipata vyote kwa pamoja bila kulazimika kuchagua.

Hapo ndipo ninapotaka kuwatahadharisha ndugu zangu. Wiki ya tano mwanangu, kwa nia njema kabisa, aliniagizia kutoka duka moja la mtandaoni vidonge vinavyodaiwa kuamsha irisini mwilini, vidonge 60 kwa pauni 34. Nilimpelekea mfamasia wa darasa kile kichupa. Aliniambia mambo mawili: kwamba irisini yenyewe ni protini, na protini ikimezwa husagwa tumboni kama nyama au maharage, ndiyo sababu hata insulini huchomwa kwa sindano na haimezwi kama kidonge, na kwamba baadhi ya mitishamba iliyoorodheshwa ubavuni mwa kichupa haipasi kuchanganywa na dawa za kuzuia damu kuganda bila daktari kujua. Nikimpa alama mtu mmoja katika huduma nzima, ni huyo mfamasia. Vidonge tulivirudisha, na nusu ya fedha haikurudi.

Sasa nije kwenye kasoro niliyoitaja mwanzoni. Interilukini-6 inayotolewa na misuli hufika kileleni karibu na mwisho wa zoezi, kisha hushuka, na katika muda wa saa chache huwa imerudi pale ilipokuwa. Haiwekwi akiba. Mtu aliyefanya mazoezi Machi hana chochote cha Machi katika damu yake mwezi Juni. Hospitali inalijua hili, kwa kuwa ndiyo iliyotufundisha, na hata hivyo darasa linakatika wiki ya nane kama kisu kikatavyo uzi: unapewa cheti, unapewa karatasi yenye namba ya simu ya jimu ya manispaa, na basi. Bisoprololi yangu hujazwa kila mwezi bila mimi kuomba; duka la dawa hunitumia ujumbe nisipokwenda kuichukua. Dawa hii nyingine, ambayo wao wenyewe wanasema ni ya maisha, haina anayeuliza kama nimeinywa. Nilipopiga ile namba niliambiwa kwamba mwalimu mwenye sifa ya kufundisha wagonjwa wa moyo yuko mmoja na orodha ya kumsubiri ni ya wiki 11. Tuliomaliza tulikuwa tisa. Miezi mitatu baadaye niliwatafuta wote kwa simu, na walioendelea kufanya mazoezi ya maana walikuwa wanne, mimi nikiwamo. Simu moja tu kutoka kwa mwuguzi katika wiki ya kumi na mbili, naamini, ingebakiza wengine wawili watatu.

Kasoro nyingine ni ndogo na zinarekebishika. Vikao vyote ni saa nne na nusu asubuhi, siku za kazi, kwa hiyo mwenye zamu hukosa au huomba ruhusa isiyo na malipo. Nadhani wawili kati ya walioacha waliachia hapo. Wanawake tulikuwa watatu tu, na kwa mwanamke wa Kiislamu ukumbi wenye kuta za kioo unaotazama bwawa la kuogelea haukuwa mahali pa kustarehe, ingawa nilipoeleza nilihamishiwa kona ya ndani siku hiyo hiyo bila maswali. Somo la chakula lilihusu mkate, jibini na viazi. Nilipouliza kuhusu wali wa nazi na samaki wa kukaanga mtaalamu wa lishe alikiri hajui nazi huwekwa kiasi gani, akaniomba nimwandikie mapishi, nikamwandikia, na wiki iliyofuata akarudi na ushauri wa maana: tui la pili litumike badala ya la kwanza, na samaki apakwe badala ya kuzamishwa kwenye mafuta. Kuhusu Ramadhani, mwuguzi hakuwa na jibu papo hapo, lakini alimwuliza mfamasia na kunieleza namna ya kuzungumza na daktari kuhusu saa za dawa kabla sijaamua kufunga. Mtu anayekwenda kutafuta jibu ninamheshimu kuliko anayelibuni.

Kwa walioko nyumbani, sitajifanya kwamba huduma kama hii ipo kila wilaya. Dar es Salaam kuna Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, iliyoanzishwa mwaka 2015, na mgonjwa anayehudhuria kliniki huko anaweza kumwuliza daktari wake waziwazi: nianze mazoezi lini, ya kiasi gani, na dalili zipi zinisimamishe? Hayo maswali matatu hayagharimu kitu, na jibu lake lazima litoke kwa anayeujua moyo wako, kwa sababu moyo ulioshindwa kusukuma damu, au wenye mapigo yasiyo na mpangilio, hauanzi pale ulipoanza wangu. Mengine hayahitaji ukumbi. Kinachoitoa miokini ni msuli kujikunja, na msuli haujui kama unajikunja juu ya baiskeli ya mazoezi au katika barabara ya Raskazone kule Tanga jioni jua likiwa limepoa. Kuinuka kitini mara kumi bila kushika mikono, kupumzika, kisha kurudia, ni mojawapo ya vituo vyetu, na kiti kila nyumba kinacho. Maumivu ya kifua, kizunguzungu au pumzi isiyotulia baada ya kupumzika ni amri ya kuacha na kutafuta msaada, hapa na huko sawasawa.

Nalipa darasa nyota nne kati ya tano. Ya tano nimeizuia kwa ajili ya wiki ya tisa, ambayo haipo. Anayepewa rufaa hapa Uingereza asikae kusubiri barua, kwani yangu ilichelewa siku 19 na niliipata nafasi kwa kupiga simu mwenyewe. Aende na viatu vyenye soli imara, dawa ya kupuliza chini ya ulimi mfukoni, na orodha ya dawa zote anazomeza, pamoja na zile za kienyeji ambazo angependa kuzificha. Siku ya kipimo cha mwisho nilimtumia wifi picha nikiwa nimeshika vyuma vya kilo tatu kila mkono. Alinijibu baada ya saa mbili: "Haya, wifi, ndoo nusu nimekuruhusu."